Mimi na mama watoto tunataka siku mbili Mji Mkongwe bila watoto. Wenye uzoefu tusaidieni (mrejesho upo #15)

#1 Baba wa Watatu
Wakuu, habari za jioni.

Nina miaka kumi na moja ya ndoa na watoto watatu: wa miaka tisa, sita na mitatu. Tunaishi Tabata. Tangu huyu wa kwanza azaliwe, mimi na mke wangu hatujawahi kulala nje ya nyumba sisi wawili tu. Misibani tumekwenda, harusini tumekwenda, Moshi tumekwenda, lakini siku zote kuna mtoto katikati ya kitanda na mwingine miguuni.

Juzi tunakula, nikamwuliza, "Umeshindaje?" Akanijibu, "Kakojoa mara mbili tu leo." Alijua namwulizia mtoto. Tukacheka, halafu tukakaa kimya muda kidogo.

Basi nimepanga tuvuke Ijumaa mchana, turudi Jumapili. Mambo ya ufukweni Nungwi hatuyataki. Tunataka mjini, tutembee kwa miguu, tule, tukae. Bajeti ni laki sita, nauli ikiwemo. Naomba kujua watoto tuwaache na nani, tulale upande gani, na kama ni kweli huo Mji Mkongwe ukiuzunguka saa tatu unakuwa umeumaliza.

#2 Mkorofi Mstaafu
Laki sita kwenda kulala? Kitanda si unacho? Hiyo ni bati kadhaa hiyo.

#3 Mama Kachumbari
Huyo hapo juu msamehe, mke wake yuko kwao.

Baba wa Watatu, nina wanne, nimefanya hivi mara tatu, naongea ninachokijua. Usianze na hoteli. Anza na nani anabaki na watoto, maana ukikosea hapo utakuwa Unguja kwa miguu tu, roho iko Tabata. Dada wa kazi usimwachie, hata awe mzuri vipi, kama hajamaliza mwaka kwako. Siyo kwamba atawatesa. Mtoto akipata homa saa nane usiku, yule ni binti wa miaka kumi na tisa, atampigia nani? Bibi ndiyo mpango. Tena wapeleke wao kwa bibi, bibi asije kwako. Akija kwako atafungua makabati, na ukirudi utaambiwa sufuria zako zina masizi.

Waache na kadi za bima, dawa ya homa, na namba ya jirani mwenye gari. Na pesa mpe bibi mkononi kabla hujaondoka, usisubiri aombe.

#4 Baba wa Watatu
Mama mkwe yuko Kibaha. Kuwachukua atawachukua, ila naona haya. Nimwambieje? "Mama shikamoo, tunaomba ubaki na watoto, tunakwenda kustarehe"?

#5 Mama Kachumbari
Wewe usiseme lolote. Mwache binti yake aseme. Atamwambia "Mama, nimechoka." Mama yeyote akisikia hivyo kwa bintiye hahitaji maelezo mengine.

#6 Mtoto wa Malindi
Karibuni Unguja. Mimi ni wa hapahapa, na huyo aliyekwambia saa tatu kaumaliza mji alikuwa anafuata papasi. Papasi ndio hao vijana wanaokuvamia bandarini "karibu, karibu, hoteli, teksi". Ukitoka getini ukiwa na mkoba mdogo, watoleeni salamu, wakataeni, muendelee na njia. Kutoka bandarini Malindi mpaka Shangani ni mwendo wa robo saa kwa miguu, hamna haja ya teksi.

Mambo ya boti sasa. Tiketi ya Ijumaa mchana kateni mapema, kwa sababu watu wetu wanaofanya kazi Dar wote wanarudi nyumbani siku hiyo. Chukueni vitambulisho vyenu vya Taifa: nauli ya raia ni nafuu kuliko ya mgeni, na bila kitambulisho huwezi kubishana. Safari ni kama saa mbili. Mkija huu msimu wa kusi, upepo wa kusini, mjue jambo moja ambalo watu wa bara hawaambiwi: kuja ni raha, upepo unakusukumeni mgongoni. Kurudi Dar ndio mnapigwa usoni. Kaeni chini, nyuma ya boti, msikae mbele juu mkitafuta mandhari.

Kulala, tafuteni nyumba za zamani upande wa Kiponda au Hurumzi. Shangani ni kuzuri lakini bei yake ya watalii. Hizo nyumba ngazi zake ni kama za kupandia mnazi, mwambie bibie aje na viatu vya chini. Na Ijumaa mchana wakati wa sala maduka mengi yanafungwa, msije mkasema mji umekufa.

#7 Bosi wa Bajeti
Nyongeza: angalieni kalenda isije ikawa Ramadhani. Mchana hamtapata pa kula hadharani. Na mavazi, mabega na magoti yafunikwe, pale ni mtaa wa watu wanaoishi.

#8 Mkorofi Mstaafu
Na cheti cha ndoa mbebe. Kuna nyumba za wageni kule wanauliza.

#9 Baba wa Watatu
Acha utani mkuu.

#10 Mkorofi Mstaafu
Nimekwambia.

#11 Mtoto wa Malindi
Hapo hajakosea, zipo baadhi. Mahoteli makubwa hawajali.

Tena nilisahau, maana mmesema mnataka mtembee. Mkiwa Hurumzi ulizieni habari za Bibi Salme, binti wa Sultani Seyyid Said. Mfanyabiashara wa Kijerumani akiitwa Ruete alikuwa akikaa nyumba ya jirani naye, wakazoeana baina ya dari na dari, yaani juu ya paa. Zamani dari za hapa ndizo zilikuwa simu za mkononi. Mwaka 1866, akiwa mja mzito, akatoroka kwa manowari ya Waingereza mpaka Aden, akaolewa huko, akaishia Hamburg. Miaka minne mbele mume akafa kwa ajali ya tramu, yeye akabaki na watoto watatu katika baridi ya watu. Mie kila nikipita pale huwaza: mapenzi yao yote yalianza kwa kuchunguliana tu.

#12 Mpemba wa Muscat
Asante kwa hiyo, Mtoto wa Malindi. Mimi niko Muscat mwaka wa tisa. Halwa hapa ipo tele, tena nzuri, lakini urojo wanaoupika hapa ni uji wa manjano. Mkifika Forodhani nileeni bakuli moja, mwambieni atie bajia nyingi na embe.

#13 Wa South B
Nasoma tu kutoka Nairobi. Sisi tulifanya Mombasa mwaka jana, tukapanda treni hadi Miritini, tukalala Mji wa Kale, asubuhi mahamri na mbaazi, jioni viazi karai pale Mama Ngina. Fort Jesus tuliingia tukatoka, bwana yangu alikuwa anaangalia mpira kwa simu ndani ya ngome ya Wareno ya miaka mia nne. Ushauri wangu: simu ziwekwe mahali. Yenu zote mbili.

#14 Mama Kachumbari
Simu moja ibaki wazi kwa ajili ya bibi. Lakini apige bibi, msipige nyinyi.

Baba wa Watatu umenyamaza wiki mbili. Ulikwenda?

#15 Baba wa Watatu
MREJESHO

Wakuu, tulikwenda, tumerudi. Samahani kwa ukimya, kazi ilinibana. Nitaeleza kirefu, mwenye haraka apite.

Mama mkwe alikubali kabla binti yake hajamaliza sentensi. Mama Kachumbari, ulisema kweli: alisema "Mama, nimechoka," mama akajibu "Walete Alhamisi." Siku moja kabla! Mkubwa wetu alifurahi mno mpaka nikaumia kidogo. Wa tatu alilia dakika mbili, akaona kuku, akasahau kama ana wazazi.

Boti ilikwenda vizuri, kusi ilitusukuma kama alivyosema mwenyeji. Ila mke wangu, tangu tunatoka bandari ya Dar mpaka tunaona minara ya Unguja, alikuwa na swali moja: "Mtungi wa gesi ulifunga?" Nilifunga. Nadhani nilifunga. Alipouliza mara ya nne nikaanza kuwa na wasiwasi mwenyewe.

Sasa mapokezi. Tumefika nyumba ya wageni, Kiponda, nyumba nzuri ya zamani, mlango wa nakshi wenye njumu za shaba. Mzee wa makamo anatuandikisha, anatazama vitambulisho, majina ya ukoo tofauti. Akasema kwa adabu kabisa, "Samahani baba, cheti cha ndoa mnacho?" Mkorofi Mstaafu, popote ulipo, nakuomba radhi.

Nikasema kipo, kiko nyumbani. Mke wangu akanigeukia: "Nilikwambia uchukue ile bahasha." Nikamwambia hukuniambia. Akasema aliniambia Jumatano wakati natafuta soksi, na kwamba mimi sisikii nikiwa natafuta kitu, na kwamba ndivyo nilivyosahau kadi ya kliniki mwaka ule, na ndivyo mtungi ule utakavyoiunguza nyumba. Mimi nikajibu. Yeye akajibu. Yule mzee akasikiliza kama dakika nzima, akafunga daftari, akatoa ufunguo. "Basi. Nimeridhika. Chumba cha juu, ngazi zinateleza."

Usiku tukaenda Forodhani baada ya magharibi. Vijana walikuwa bado wanajirusha baharini kutoka ukutani, mmoja baada ya mwingine, na watu wanapiga makofi. Mpemba wa Muscat, urojo wako nimekula, embe lilikuwepo, bajia nikaongezwa. Mishkaki ya pweza nayo tulikula, lakini hapa nitoe angalizo: uliza bei kabla hajaiweka motoni. Na vile vyakula vya baharini vilivyopangwa mezani kama duka la vito, ninyi mtazame tu. Juisi ya miwa yenye ndimu na tangawizi, hiyo kunyweni mpaka mshibe.

Sasa kitu ambacho hakuna aliyeniambia. Usiku ule hatukuwa na la kuzungumza. Kweli kabisa. Tulikaa kwenye ukuta wa bahari, tukaongelea watoto, tukampigia mama mkwe, tukaongelea alichosema mama mkwe kuhusu watoto, tukampigia tena. Mara ya nne akasema, "Wamelala. Na mimi nataka kulala. Nyinyi mmekwenda kufanya nini huko?" Akakata. Tukarudi chumbani tukiwa kama watu waliokutana kwenye basi.

Jumamosi niliamka na ratiba. Mnanijua tayari. Nilikuwa nimeandika: asubuhi Mkunazini, saa sita chakula, saa nane boti ya kwenda kisiwa cha Changuu kuona wale kobe wakubwa wa Shelisheli, jioni machweo. Mkunazini tulikwenda. Niliposoma nyumbani niliona ni "kivutio". Si kivutio. Ni kanisa lililojengwa pale palipokuwa soko la watumwa, soko lililofungwa mwaka 1873, na aliyesimamia ujenzi ni Askofu Steere, yule yule aliyeandika sarufi ya Kiswahili. Uani kuna sanamu za watu watano ndani ya shimo, minyororo shingoni. Mke wangu alisimama pale muda mrefu, hakusema kitu, akaja akanishika mkono. Hajanishika mkono njiani tangu tukiwa wachumba. Hatukulizungumza.

Kutoka pale tukapotea. Vichochoro vile vinafanana, kila kona nasema "ni hapa" na si hapo, Vespa zinatupita zikipiga honi. Tukaibukia Jaws Corner, wazee wanacheza dhumna na kubishana siasa, kahawa chungu kwenye vikombe vidogo na kashata. Mzee mmoja akatusogezea nafasi barazani bila kutuuliza ni nani. Tukakaa karibu saa nzima. Mke wangu akaanza kuniambia habari za kazini kwake, kwamba kuna nafasi ya usimamizi imetangazwa tangu mwezi uliopita na hajaomba. Nikamwuliza mbona hukuniambia. Akasema, "Ningekwambia saa ngapi?"

Hapo ndipo alipoomba turudi chumbani ajinyooshe kidogo kabla ya Changuu. Alijinyoosha saa sita mchana. Saa nane nikamtikisa bega, hakuamka. Saa tisa nikamtikisa tena, akageukia ukutani. Wakuu, nisiwafiche, nilikasirika. Nimelipa chumba, nimelipa boti, mtu analala! Nikashuka nikakaa baraza ya nje nimevimba.

Yule mzee wa mapokezi akaja na vikombe viwili vya chai. Akauliza, "Mama kapumzika?" Nikasema analala tangu saa sita. Akauliza tuna watoto wangapi. Nikamwambia. Mdogo ana miaka mingapi? Mitatu. Akahesabu kwa vidole, sijui anahesabu nini, akasema, "Basi hajalala miaka tisa huyo. Mwache." Halafu akahamia habari za Beit el Ajaib, jinsi upande wake mmoja ulivyoporomoka siku ile ya Krismasi 2020, nyumba iliyosimama tangu enzi za Seyyid Barghash, na kwamba yeye aliusikia mshindo akiwa palepale barazani. Nilikuwa namsikiliza huku nahesabu na mimi. Sikumbuki kumwona mke wangu amelala mchana akiwa si mgonjwa.

Aliamka saa kumi na moja kasoro. Akashuka ngazi kwa viatu vya chini, uso umevimba kwa usingizi, akaniuliza kwa hofu, "Kobe wamefunga?" Nikamwambia kobe wale wanaishi zaidi ya miaka mia, watatusubiri.

Usiku huo hatukwenda mbali. Tulikula wali na mchuzi wa pweza pale Mkunazini karibu na mbuyu, tukapanda darini kwa yule mzee, tukakaa mpaka adhana ya isha na baada yake. Tuliongea mpaka saa saba usiku. Yaliyoongelewa hayawahusu.

Jumapili, kurudi. Mtoto wa Malindi ulisema tukae chini, nyuma. Sisi tulichelewa, nafasi za nyuma zimejaa, tukakaa mbele. Sitaeleza. Mhudumu aligawa mifuko, na mimi nilitumia wangu na wa mke wangu. Yeye alikuwa ananipapasa mgongo huku anakula korosho.

Fedha: laki sita haikutosha, tulimaliza laki sita na sabini, na hapo ni pamoja na kilo mbili za halwa na kanga doti moja ya mama mkwe. Kanga hiyo msiiruke katika bajeti zenu.

#16 Mama Kachumbari
Nimecheka hapo kwa cheti, halafu nikafika kwenye "ningekwambia saa ngapi" nikaweka simu chini.

Ile nafasi ya kazi kaomba?

#17 Bosi wa Bajeti
Kwa faida ya wasomaji: chumba kilikuwa bei gani? Na mngeweza kwenda na kurudi siku moja mkaokoa?

#18 Baba wa Watatu
Mama Kachumbari, kaomba Jumanne iliyofuata. Usaili bado.

Bosi, siku moja hapana. Siku ya kwanza sisi tuliipoteza yote, kama nilivyoeleza. Kama tungerudi Ijumaa usiku, tungerudi na urojo tumboni tu. Bei ya chumba nitakutumia pembeni, sitaki yule mzee avamiwe na watu wote wa humu.

#19 Wa South B
Mmoja wa wazee wa Jaws Corner alikuwa karibu na ile simu iliyochorwa, ya kupiga ng'ambo bure? Sisi tulipiga picha tukijifanya tunaongea nayo.

#20 Baba wa Watatu
Ndiyo hiyo hiyo! Mke wangu alijifanya anampigia mama yake. Wazee wakacheka kama hawajawahi kuona mtu akifanya hivyo, na naamini wanaona kila siku.

#21 Mtoto wa Malindi
Alhamdulillahi, mmefika salama. Mkija tena njooni wakati wa kaskazi, bahari imelala. Na Jumamosi ulizieni taarab yenyewe, ya fidla na ganuni, siyo ya kinanda. Kikundi cha Nadi Ikhwan Safaa kipo tangu 1905, hawa wa spika kubwa ni wajukuu zake.

Huyo mzee wa Kiponda nahisi namjua. Cheti anakiuliza kila mtu, hata waliokuja na wajukuu.

#22 Mkorofi Mstaafu
Nimesoma wote. Naomba namba ya hiyo nyumba pembeni, mkuu. Usiniulize sababu.

Lakini kuna jambo umelikwepa. Mtungi ulikuwa umefungwa?

#23 Baba wa Watatu
Ulikuwa umefungwa.

Friji ndiyo tuliacha wazi.